Tufungue Makabati ya Vitabu

Ndugu zangu Watanzania, wazazi wenzangu, na ninyi walimu wenzangu wa madarasa ya chini,

Nafundisha darasa la kwanza na la pili, na sitamani kufundisha darasa lingine. Watu wakisikia hivyo hunipa pole. Huniuliza lini nitapandishwa niwafundishe wakubwa, kana kwamba kukaa na watoto wa miaka sita na saba ni kazi ya kusubiria kazi. Napenda mjue kinachotokea ndani ya madarasa haya, kwa sababu wito ninaowaletea leo unatoka humo.

Mtoto huingia Januari akiwa ameshika penseli kwa ngumi. Tunaanza na irabu, tunaingia kwenye silabi, ba be bi bo bu, halafu maneno mafupi: baba, bibi, kaka, meza. Kiswahili kimetupendelea, maana husomwa kama kilivyoandikwa, na mtoto akishazishika silabi anaweza kulitamka hata neno ambalo hajalisikia maishani mwake. Hukwama kwenye ng'ombe, kwenye nywele, kwenye mbwa. Hapo hukunja uso, hulijaribu neno vipande vipande, hulirudia kimoyomoyo. Siku linapomtoka kinywani lote kwa mara moja hulitamka tena kwa sauti kubwa, darasa zima ligeuke. Baada ya siku hiyo hasimamishiki. Husoma mfuko wa saruji, jina la basi lililoandikwa kwenye kioo, tangazo la vocha kwenye ukuta wa duka, fulana ya jirani yake. Wakati wa mapumziko utamkuta chini ya mwembe na kijiti mkononi, amewapanga wenzake mstari na yeye ndiye mwalimu. Sijaona mshahara unaoweza kuizidi furaha hiyo, na nasema hivi nikijua vizuri mshahara wa mwalimu ulivyo.

Lakini furaha hiyo ina mahali inapokatikia, na mahali penyewe napajua. Mpe mtoto wa darasa la pili kitabu chake cha kiada, mwambie asome ukurasa wa kumi. Atausoma wote bila kukosea, macho yakiwa dirishani. Mwekee kidole kwenye neno moja la katikati umuulize ni neno gani: ataanza tena kutoka juu ya ukurasa, aje nalo taratibu mpaka alifikie. Amekariri. Wala si mvivu wala si mjanja. Kitabu kimoja kikisomwa kwa pamoja mwaka mzima, masikio huifanya kazi ya macho. Wengi wa watoto hawa hupanda madarasa tukiamini wanasoma. Tathmini za mpango wa Uwezo zilizofanywa nyumba kwa nyumba kuanzia mwaka 2010 zilionyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mtaala wa madarasa haya mawili ulioanza mwaka 2015 uliweka kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mengine yote, na ulifanya vyema. Hata hivyo mtaala hauwezi kumpa mtoto kitabu cha pili.

Sasa mpe mtoto yuleyule kitabu cha hadithi ambacho hajawahi kukiona. Atasoma polepole, kidole kikitembea chini ya mstari. Fisi ametumbukia shimoni kwa tamaa yake, na mtoto anacheka. Anacheka pale panapochekesha, kabla sijaeleza lolote, kabla mwenzake hajacheka. Kwa mwalimu wa madarasa ya chini hakuna mtihani unaoeleza zaidi ya kicheko hicho. Kinaniambia kwamba zile silabi zimeungana zikawa maneno, maneno yakawa habari, na habari imemfikia mtu.

Na ipo saa nyingine ninayoipenda kuliko zote, saa ya kuwasomea. Tunakaa chini kwenye mkeka. Nasema "Paukwa!", paa linatikisika kwa "Pakawa!". Nikiruka ukurasa kwa makusudi wananisimamisha. Hadithi waliyoisikia wiki iliyopita wanaitaka tena, ileile, na mimi huwasomea tena, kwa kuwa wanapoijua hadithi ndipo wanapoanza kuyafuata maneno yenyewe. Tukumbuke pia kwamba nchi hii ina watoto wengi ambao Kiswahili wamekikuta shuleni. Nyumbani ni Kisukuma, Kigogo, Kimaasai, Kiiraqw. Mtoto wa namna hiyo anaweza kukaa kimya muhula mzima ukadhani haelewi kitu. Kisha siku moja, katikati ya hadithi, sungura anapojibu lile jibu lake la kila mara, unaisikia sauti ngeni ikimalizia sentensi pamoja na wenzake. Ni yeye. Hadithi imempa lugha bila kumtia aibu.

Ndugu zangu, vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa watoto vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umehimiza uandishi wake tangu mwaka 1991, na wachapishaji wetu wa hapa hapa wanavyo vizuri, vya rangi, vyenye watoto wanaofanana na wetu. Mtandao wa African Storybook unatoa hadithi nyingi fupi bila malipo, zikiwemo za Kiswahili, na yeyote anaruhusiwa kuzichapa. Shule nyingi pia zimewahi kupokea vitabu vya ziada kutoka serikalini au kwa wafadhili. Viko wapi? Vimefungiwa. Viko kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu au stoo, pamoja na mipira na vikombe vya mashindano, vikiwa vipya kama siku vilipoletwa. Mtoto aliyeandikiwa kitabu hicho anamaliza darasa la saba hajakigusa.

Nisikilizeni kabla hamjamlaumu mwalimu mkuu. Vitabu hivyo vimeandikwa kwenye daftari la mali ya shule. Kikipotea au kikichanika, ataulizwa yeye. Wathibiti ubora wa shule wakija, atahesabiwa yeye. Amejifunza kwamba kitabu kilichofungiwa hakimletei maswali, na kitabu kilicho mikononi mwa mtoto kinaweza kumletea barua. Tukitaka makabati yafunguke, lazima kwanza tumwondolee hofu hiyo, na jambo hilo liko ndani ya uwezo wetu. Wajumbe wa kamati za shule, nawaomba katika kikao chenu kijacho mweke ajenda moja, na mwandike kwenye muhtasari: vitabu vya hadithi vitatolewa, vitaazimwa kwa daftari maalumu, watoto watakwenda navyo nyumbani, na kitabu kitakachochakaa kwa kusomwa hakitadaiwa kwa mwalimu wala kwa mzazi. Wazazi mkubali mbele ya mkutano. Kitabu cha mtoto wa miaka saba kitapata mafuta ya taa, kitakunjwa masikio, kitapoteza jalada. Mimi nikikiona hivyo nafurahi.

Hatuombi jambo geni. Mwaka 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, nchi hii ilijikusanya kufundishana kusoma, na katika miaka iliyofuata zikafunguliwa maktaba vijijini, kwa sababu wazee wetu walielewa kwamba mtu aliyetoka kujua kusoma asipopata cha kusoma atasahau. Mwanangu wa darasa la pili ana hali ileile ya bibi yake wa wakati ule. Na wala tusirudi nyuma sana. Januari 2016 elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa, watoto walifurika darasa la kwanza wakakaa sakafuni. Tulifanya nini? Tulihangaika na madawati nchi nzima. Bunge lilitoa shilingi bilioni 6 ilizobana kwenye matumizi yake, benki zikachangia, maseremala wa mitaani wakafanya kazi usiku. Tuliwaketisha watoto wetu kwa pamoja. Tuwawekee sasa kitabu juu ya dawati lile.

Jirani zetu Kenya wametuonyesha kwamba umbali si udhuru. Tangu mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa ya nchi hiyo imewabebesha ngamia masanduku ya vitabu kutoka Garissa, kuwafikia watoto wa wafugaji kwenye maeneo makavu ambako gari hupita kwa shida. Vitabu huazimwa na kurudishwa na watu wanaohama na mifugo yao. Sisi wenye barabara, bodaboda na mabasi ya kila siku tunashindwaje?

Basi nawaomba. Wewe uliyesoma shule ya msingi fulani na sasa una kazi mjini, waite wenzako wa darasa lako. Tunajua kuchangishana, kadi za harusi, za sendofu na za kipaimara zinatufikia kila wiki na tunazilipa. Fedha ya kadi moja inanunua vitabu kadhaa vya hadithi. Ila nunueni vya Kiswahili, vya maandishi makubwa na picha, vya watoto wadogo. Msituletee maboksi ya vitabu vikuukuu vya Kiingereza vya kidato cha tano mkasema mmechangia elimu. Mwulizeni mwalimu wa darasa anahitaji nini, atawaambia.

Wewe mstaafu, wewe fundi cherehani, wewe dereva wa bodaboda ambaye saa nne asubuhi huna abiria, njoo utusomee saa moja kwa wiki. Ongea na mwalimu mkuu kwanza, upangiwe siku, na uifuate siku hiyo kama unavyofuata siku ya vikoba. Akina baba nawataka hasa, kwa sababu watoto wengi hawajawahi kumwona mwanamume akiwasomea hadithi. Na bibi usiyejua kusoma, tunakuhitaji zaidi. Simulia, mwalimu aandike, watoto wachore, tushone karatasi za manila kwa uzi, na jina lako likae kwenye jalada. Watoto hukigombea kitabu kilichotoka kwa mtu wanayemjua.

Mzazi ambaye mtoto wake atarudi na kitabu, usimtume dukani kwanza. Kaa naye robo saa akusomee. Kama hujui kusoma, msikilize tu, muulize fisi ikawaje.

Bodi ya Huduma za Maktaba ipo kwa sheria tangu mwaka 1963, na mikoa ina maktaba zake. Mlio karibu nazo wapelekeni watoto Jumamosi. Lakini watoto wengi wa nchi hii wako mbali na maktaba yoyote, na rafu pekee watakayoikuta ni ile tutakayoweka kwenye kona ya darasa lao, mbao mbili na matofali manne.

Tarehe 8 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika. Tusiingojee. Wiki hii nenda kwenye shule ya msingi iliyo karibu nawe, msalimie mwalimu mkuu kwa heshima, umuulize vitabu vya hadithi viko wapi na ufunguo anao nani. Kisha mwambie umekuja kusaidia kuvitoa.