Hilo Jisu la Kukunja, Ulinunue?

Leo siandiki kuhusu kufunga wala kuhusu fungu la kumi. Naandika kuhusu kisu.

Ndugu zaidi ya mmoja wamenitumia picha. Ni kisu cha kukunja, lakini si kile tulichozoea cha kumenyea chungwa. Hiki ukikikunjua kinakaribia urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Swali ni lile lile, "Pasta, ninunue?" Na chini yake, karibu kila mara, kuna maneno yameongezwa: "Ni cha nyama choma tu."

Sasa tuongee kama watu wa nyumba moja.

Mimi sina vita na visu. Kisu kidogo cha kukunja ni kitu kizuri, na mtu wa kazi akiwa nacho mfukoni simlaumu. Anayebebesha miche ya parachichi anahitaji kisu chembamba chenye makali kama wembe, tena kinachokunjika asijidunge akiinama. Fundi wa stima anachuna waya nacho. Wafaransa wana kisu chao kinaitwa Opinel, kimetengenezwa tangu 1890, na saizi yake inayojulikana sana ni namba 8. Bapa lake ni sentimita 8.5 peke yake. Hizo zinatosha kazi ya mfukoni karibu yote: kata kamba, fungua gunia, chonga penseli ya mtoto, menya embe.

Linganisha na hilo jisu. Moja ya yale yanayojulikana zaidi, Espada XL ya kampuni ya Cold Steel ya Marekani, lina bapa la karibu sentimita 19, na ukishalikunja mpini wake bado unazidi sentimita 23. Chukua rula ya mtoto wa shule, ile ya sentimita 30, itie mfukoni mwa suruali, halafu uende ukae kwenye kiti cha matatu. Jisu lako ni fupi kidogo kuliko rula hiyo, lakini ni nene mara nyingi zaidi.

Kisu hukunjwa ili kiingie mfukoni bila kumkata mwenyewe. Kikishakuwa kikubwa hadi mfuko unakikataa, kukunjika hakukusaidii tena, na umebaki na udhaifu wake. Kile cha jikoni chuma chake kinaingia ndani ya mpini, ni kitu kimoja. Cha kukunja kinashikiliwa na pini na komeo dogo. Bapa likiwa refu, ukikandamiza kwa ncha nguvu yote inarudi kwenye ile pini, kama vile mtaimbo mrefu unavyong'oa jiwe. Kampuni nzuri zimeweka makomeo yenye nguvu sana, hilo sikatai. Lakini vile vya bei rahisi vinavyouzwa kwa picha za kung'aa, komeo likiteleza bapa linajifunga juu ya vidole vyako.

Na hiyo nyama choma! Nenda Kenyatta Market, au bucha yoyote ya mtaani kwako, umtazame yule anayekata kwenye ubao. Ana kisu cha mpini wa mbao au wa plastiki, kisichokunjika, kimenolewa hadi kimekonda. Usidhani hajui kwamba vya kukunja vipo. Anajua mafuta na damu vikiingia kwenye maungio sabuni haivifikii, na kesho yake kisu kinanuka. Chake anakiosha kwa dakika moja, na kikipoteza makali anakipeleka kwa yule mzee wa baiskeli anayepita akinoa visu. Tena hayo majisu ya majina makubwa yanaweza kukugharimu zaidi ya mbuzi mwenyewe.

Kwa hivyo tuache nyama choma. Hata wanaoyatengeneza hawafichi. Espada ni neno la Kihispania, maana yake upanga. Umbo lake limetokana na navaja, kisu cha kukunja cha Hispania ambacho mji wa Albacete umesifika nacho kwa karne nyingi. Navaja fupi zilikata mkate na jibini. Zile ndefu watu walizibeba kwa ajili ya ugomvi. Ukinunua hiyo kubwa, umenunua silaha inayokunjika. Iite kwa jina lake.

Na ukishaiita kwa jina lake, ndugu yangu, sema na lile lingine: unaogopa.

Sikucheki. Unashuka stejini saa nne usiku, taa ya barabarani iliharibika na hakuna aliyekuja kuitengeneza, na kutoka hapo hadi kwenye ploti ni dakika 15 za giza. Jirani yako alipigwa ngeta. Hofu hiyo si dhambi, wala si uchanga wa imani. Na yule anayekuambia "wewe omba tu" huku yeye analala ndani ya geti lenye mlinzi, msamehe. Hajui njia yako.

Lakini tuifuate hiyo hofu mpaka barabarani tuone kisu kitakufanyia nini.

Ngeta hainaga mjadala. Mkono unakuja kutoka nyuma unakaba shingo, na mara nyingi ni wawili au watatu: mmoja anakaba, wengine wanapekua. Mikono yako yote miwili inakimbilia shingoni. Haikimbilii mfukoni kutoa chuma, kukikunjua na kungoja komeo lilie. Na yule anayepekua mifuko, kitu cha kwanza atakachoshika ni hicho cha sentimita 23. Alikuja kwa ajili ya simu. Sasa ana simu, ana kisu, na wewe umeuona uso wake.

Haya, tuseme umefaulu. Umekitoa, umekikunjua, wameshtuka wamekimbia, na wewe kwa hasira unawafukuza. Mmoja wao anapiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" Milango inafunguliwa. Watu wanaona nini? Wanaona vijana wawili mikono mitupu wanakimbia, na nyuma yao mwanamume ana chuma kirefu kinachong'aa. Hapa kwetu umati hauulizi kitambulisho. Mawe hufika kabla ya maswali, na unajua kinachofuata baada ya mawe.

Kuna na serikali. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 308, inamzungumzia mtu anayepatikana na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha alikusudia kutenda kosa kubwa. Kifungo chake si chini ya miaka 7, na kinaweza kufika 15. Sisemi kila mwenye kisu anafungwa. Mchinjaji anayetoka kazini na visu vyake kwenye mfuko ana maelezo, na kifungu chenyewe kinaangalia mazingira. Ninachouliza ni wewe utaeleza nini mbele ya polisi wa doria saa tano usiku. Utawaambia ni cha nyama choma? (Na mchana utakiweka wapi? Tangu Westgate, 2013, ukiingia karibu jengo lolote kubwa Nairobi unapitishiwa kifaa cha kukagua chuma. Treni ya SGR pia mizigo inakaguliwa. Utakuwa unaacha jisu kwa walinzi kila mahali kama mtu anayeacha mwavuli.)

Wasomaji wa Biblia watanijibu na Luka 22, pale wanafunzi walipoambiwa habari ya kuuza vazi na kununua upanga. Naipenda sura hiyo. Ila usiishie hapo, endelea kusoma. Walikuwa watu kumi na mmoja wenye panga mbili, na wakaambiwa zinatosha. Panga mbili haziwezi kuwalinda watu kumi na mmoja mbele ya kikosi, kwa hivyo sidhani shabaha ilikuwa vita. Usiku ule ule Petro akatumia mmoja. Alipata nini? Sikio. Tena sikio la mtumwa, Malko, ambaye hata hakuwa mkubwa wa msafara. Bwana mwenyewe, akiwa anakamatwa, akasimama kumponya mtu aliyekatwa na mtu wake.

Neno la Kigiriki lililoko pale ni makhaira. Tafsiri ya kale ya Kigiriki inatumia neno hilo hilo kwa kisu alichobeba Ibrahimu kwenda mlimani na Isaka. Kwa hivyo huenda mkononi mwa Petro hamkuwa na upanga mrefu wa askari. Huenda lilikuwa jisu tu, kama hilo la kwenye picha yako.

Na atakayeniletea Ehudi na upanga wake wa mkono mmoja aliouficha pajani, mimi nitamwuliza tu: Egloni wako ni nani? Ni mfalme aliyewatumikisha watu wako miaka 18, au ni kijana wa miaka 17 anayetaka simu? Maana huyo kijana unayejiandaa kumchoma ana mama. Mtaa ni mmoja. Huenda mama yake Jumapili anakaa viti vitatu kutoka kwako, na ombi lake kila Ijumaa unalijua.

Kuna pahali pengine ambapo wanaoniuliza hawapataji, nako ni nyumbani. Unaishi chumba kimoja, una mke na watoto wawili. Jisu litalala wapi? Chini ya godoro? Juu ya kabati, ambapo mtoto wa miaka sita anafika akipanda ndoo? Na ile siku mnagombana na mama watoto juu ya karo, sauti zimepanda, maneno ya wazazi wenu yametajwa, hicho chuma kiko hatua mbili kutoka mkononi mwako. Umekinunua kwa ajili ya mwizi. Mwizi utakutana naye labda mara moja kwa miaka mingi. Mke wako unakutana naye kila jioni, na siku nyingine mmechoka nyote wawili.

"Sasa nifanye nini, Pasta?" Nunua tochi nzuri, yenye mwanga wa kuumiza macho. Nunua filimbi kama ya mlinzi, ni pesa kidogo, na uipulize mapema kabla hujakabwa. Ukishuka stejini usikimbilie giza peke yako, ngoja matatu inayofuata utembee na wale wa upande wako, au uwe na mtu wa boda mmoja unayemjua kwa jina na yeye anakujua. Simu ya bei acha nyumbani kama unaweza, beba ile ndogo. Simu ikitakwa, toa. Mwendeeni mwenye ploti mkiwa wapangaji kumi kuhusu ile taa, mtu mmoja atapuuzwa. Kesha letu linaisha alfajiri kukiwa kumepambazuka, na tunatoka kwa makundi, kila kundi upande wake. Hakuna kinachokuzuia kufanya hivyo hivyo siku za kazi. Na kama unahitaji kisu cha kazi, nunua viwili: kidogo cha mfukoni, na cha jikoni kisichokunjika. Vyote viwili pamoja havitafika bei ya hilo jisu la jina kubwa.

Najua kuna mmoja kati yenu ambaye kweli anapenda tu vyuma. Anapenda kuona komeo linavyoshika, anajua aina za chuma kama mwingine anavyojua wachezaji wa Gor Mahia. Huyo sina neno naye. Nunua, lakini kwa pesa isiyo ya karo wala ya kodi ya nyumba, na umwambie mke wako bei ya kweli. Lipake mafuta, lifungie kabatini kwa ufunguo. Lisitoke nje.

Na wewe ambaye tayari umelipa na mzigo umefika, kesho usilibebe. Liache nyumbani pahali ambapo mtoto hafiki, kisha uje Jumatano nusu saa kabla ya maombi tuongee kuhusu hiyo njia yako ya usiku. Ukiwa na jirani anayepita njia hiyo, njoo naye.