Tunakula tende za watu, zetu ziko wapi?

Kabla hujaendelea kusoma, fanya kitu kimoja. Nenda jikoni, chukua ile pakiti ya tende iliyobaki tangu Ramadhani, igeuze nyuma usome yale maandishi madogo. Saudia. Iraki. Tunisia. Iran. Imarati. Ukipata iliyoandikwa Garissa, nitafute nikununulie chai ya maziwa ya ngamia, kikombe kikubwa. Najua hutanitafuta.

Sasa toka nje uangalie juu. Jua letu unalijua, nyuzi 35 kwetu ni siku ya kawaida, wala hatulalamiki. Teremka darajani uangalie chini. Huo ni Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, unapita mlangoni petu ukielekea Bahari Hindi. Waarabu husema mtende unataka miguu iwe majini na kichwa kiwe motoni. Kama hiyo si Garissa, niambie ni wapi.

Na usifikiri ni ndoto. Mandera, kando ya mto Daua, mitende inazaa. Turkana vilevile. Misri, jangwa lenye mto mmoja mkubwa, ndiyo inayoongoza dunia nzima kwa tende, zaidi ya tani milioni moja kila mwaka. Sisi tuna jangwa, tuna mto, na kila Ramadhani tunapanga foleni kununua za wenzetu. Tabia hii ni ya kale. Zamani majahazi ya Arabuni yalishuka na upepo wa kaskazi mpaka Lamu yakiwa na tende, yakarudi na kusi yamebeba boriti za mikoko. Majahazi yameisha, siku hizi ni kontena, lakini sisi bado ni wateja.

Nakuambia haya kama mtu aliyeungua. Nikiwa darasa la saba, 2012, nilizika kokwa ya tende kwenye shamba la abti wangu kando ya Tana. Ilichipua. Nikaimwagilia kila nikienda likizo, nikaizungushia miiba mbuzi wasiile. Niliwaambia mabeshte shuleni kuwa nina mtende, wakanicheka. Miaka saba ikapita. Mwaka 2019 ukatoa karara la kwanza, nikampigia ayeeyo simu nikipiga kelele. Akaja, akaangalia lile ua, likatikiswa kidogo likamwaga unga mweupe. Akacheka mpaka akakaa chini. "Huu ni dume," akasema. "Hautazaa hata tende moja."

Mwaka huohuo niliacha chuo, karo ilikuwa imenishinda. Kwa hivyo unaweza kufikiria nilivyojisikia.

Wengi wetu tunaangukia hapohapo, kwa hivyo sikiza vizuri. Mitende iko ya kiume na ya kike, kila mti na jinsia yake. Ukipanda kokwa ni kama kurusha sarafu, karibu nusu itatoka madume, na hata ile ya kike haitazaa tende kama ile uliyokula. Utajua ukweli baada ya miaka mitano, saba, au zaidi. Ndiyo maana wakulima wa kweli hawapandi kokwa. Wanachukua vile vitoto vinavyoota chini ya shina la mama, kama tunavyofanya na mgomba, au wananunua miche iliyokuzwa maabara. Kitoto cha mama ni mama mwenyewe: jinsia ileile, ladha ileile. Kinaweza kuanza kuzaa kwenye mwaka wa nne au wa tano. Mtende uliokomaa na kutunzwa unatoa kilo 50 na zaidi kwa msimu, na unaweza kukuzika wewe, ukamlisha mjukuu wako.

Kazi ipo, sikudanganyi. Maua ya kike hayangoji upepo, lazima mtu apande juu ayapake unga wa dume kwa mkono. Mvua ikinyesha tende zikiiva, zinaoza mtini, na sisi tuna misimu miwili ya mvua. Dawa yake ni kufunika mashada, au kuchagua aina kama Barhi ambayo inaliwa ikiwa bado ya manjano na ngumu, unavuna kabla mambo hayajaharibika. Na tafadhali, usirudi safari ya Uarabuni na mche umefichwa kwenye sanduku. Kule kuna mdudu mwekundu anayekula shina kutoka ndani mpaka mti unaanguka. Miche ipite KEPHIS ikaguliwe, la sivyo tutaagiza tende na msiba pamoja.

Najua unachosema sasa. "Buda, miaka mitano bila chapaa nitakula nini?" Swali zuri. Mitende inapandwa kwa nafasi ya mita nane hadi kumi, ekari moja inabeba kama 40 hadi 60. Katikati hapo panda vitunguu, nyanya, tikiti, majani ya mbuzi. Yale mazao ya miezi mitatu yanalipa bili, mtende unakua polepole pembeni. Huhitaji kuacha hasla yako.

Kwa hivyo subira si kikwazo kikubwa. Kikwazo kikubwa ni ardhi, na hili hatulisemi kwa sauti.

Nilipotaka kupanda miche mingine kwa yule abti, mzee mmoja alikuja akatuambia kwa upole: tikiti pandeni, nyanya pandeni, miti hapana. Unajua kwa nini. Tikiti likivunwa shamba linabaki la wote. Mtende ukisimama miaka 60, umeweka alama kwamba hapa ni pako. Sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti yetu ni ya jamii na haijasajiliwa, ingawa Sheria ya Ardhi ya Jamii ipo tangu 2016. Mzee hakuwa mbaya. Aliogopa kesho watu wapigane kwa sababu ya kivuli cha mti. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana wa Garissa anaruhusiwa kupanda kitu cha miezi mitatu tu. Halafu tunaitwa kizazi kisicho na subira! Subira bila karatasi ni kumlimia mtu mwingine.

Ukame uliopita, ule wa mvua kukosa msimu baada ya msimu tangu 2020, uliua mifugo zaidi ya milioni mbili nchini. Familia zilizokuwa na ng'ombe 100 zikabaki na kamba mkononi. Sisemi tuache ngamia, nani atakunywa tende bila maziwa? Nasema mti wenye mizizi mirefu hauhami, hauibwi usiku, na haufi kiangazi cha kwanza. Ukiwa nao na mifugo, una miguu miwili ya kusimamia.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Kaunti, anzisheni kitalu cha miche ya kike inayojulikana aina yake, muuze kwa bei ambayo kijana anaweza kulipa. Picha za kiongozi akipanda mche mmoja siku ya sherehe tumezichoka. Wazee, itisheni kikao msajili ardhi ya jamii, kisha mtenge vipande kando ya mto ambavyo vijana, wasichana wakiwemo, watapanda miti kwa mkataba ulioandikwa. Anayepanda ajue tende ni zake hata kama udongo ni wa wote.

Na wewe unayesoma hii kwa simu pale Soko Mugdi au Eastleigh, acha kutema kokwa ukidhani umepanda. Tafuta wenzako watano. Ulizeni miche. Nendeni kwenye hicho kikao cha wazee, hata wakiwafukuza mara ya kwanza. Dini yenyewe inatufundisha kwamba hata Kiyama kikikukuta na mche mkononi, upande. Sisi Kiyama hakijafika, ni uvivu tu na woga.

Mtende wangu haujakatwa. Abti alitaka kuni, nikakataa. Dume moja linatosha kuchavusha majike 50 hivi. Langu liko pale kando ya Tana, kila msimu linamwaga unga wake bure.

Dume ninalo tayari. Leteni majike.