Usafiri wa Kuitwa

Tusidanganyane. Bodaboda ya Kitai huitwa kwa simu ikaja, lakini kuja si kutosha. Kanuni za 2010 ziliipa leseni ya kubeba abiria, tena mmoja tu. Basi mama aliyeshikwa na uchungu usiku, njia ya Lituhi, nani atamshikilia? Na dereva akirudi bila abiria, nauli ya kurudi hulipa mgonjwa. Wakubwa husema usafiri upo. Upo kwa mwenye nguvu na fedha! Halmashauri hukopesha vikundi vya vijana kutoka asilimia 10 ya mapato yake. Na iwakopeshe gari dogo, kisha ilipie safari tupu za usiku. Makaa ya Ngaka hayakosi lori. Mzazi akose gari kwa nini?