Wazee Wanaosahau na Lugha Wanayohojiwa Nayo

Mzee anapouliza jambo lile lile mara tano kwa asubuhi moja, au kumwita mjukuu kwa jina la nduguye aliyefariki, aghalabu jamaa husema ni uzee tu. Hali ikizidi, husema amerogwa. Na pengine, hatari zaidi, husema yeye ndiye mchawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wakongwe waliuawa na umati huko Marani, katika kaunti ya Kisii inayopakana na Migori na Homa Bay, kwa tuhuma za uchawi. Haidaiwi hapa kwamba marehemu hao walikuwa wagonjwa. Linalodaiwa ni kwamba mahali ambapo dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayommaliza mtu kumbukumbu na fahamu, haijapewa jina, uchawi huwa jina lililo karibu.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Wakuria wa Migori na Wasuba wa Homa Bay ni jamii ndogo zinazoishi kando ya Waluo walio wengi. Wasuba, hasa, wamekuwa wakihamia Dholuo kizazi baada ya kizazi, na Olusuba imebaki zaidi vinywani mwa wazee wa visiwani kama Mfangano. Sasa, imebainika kwamba mgonjwa mwenye lugha nyingi, maradhi yakikomaa, mara nyingi hurudi kwenye lugha ya utotoni. Bibi wa Kisuba huomba maji kwa Olusuba, na mjukuu asiyeijua husema bibi anapayuka. Kumbe ameomba maji!

Hata hospitalini hali si nafuu. Kipimo mashuhuri kilichotungwa Marekani mwaka 1975 humtaka mgonjwa ataje majira ya mwaka, aondoe 7 kutoka 100 mfululizo, tena aandike sentensi. Mvuvi asiyewahi kuingia darasani hushindwa akiwa na akili timamu. Kukifasiri kipimo hicho kwa Kiswahili sanifu si dawa. Ni kuhamisha ukuta tu. Afadhali aulizwe samaki waliovuliwa jana na bei yake ufukweni. Kumuuliza Mkuria majina ya rika za tohara kutamfurahisha, lakini hakutoshi, kwani kumbukumbu za kale ndizo zinazochelewa kupotea.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 56, inaitaka dola iweke mipango ya kuzisaidia jamii za walio wachache kukuza lugha zao. Cha 57 kinawahakikishia wazee heshima na matunzo. Vifungu hivyo viwili havijakutanishwa kitandani mwa mgonjwa. Wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 waliozinduliwa nchini mwaka 2023 hufika hadi milangoni mwa watu, ila maneno ya kumweleza binti wa Kikuria kinachomsibu mamake hawajapewa. Idara za Kiswahili zimeunda istilahi za isimu na za kompyuta kwa bidii ya kupigiwa mfano. Katika madarasa hayo hayo wamo Wakuria na Wasuba ambao nyanya zao wangali hai, na kazi ya kukusanya maneno hayo ingeweza kuanza likizo ijayo.