Akiba ya Seva na Wajibu wa Kuijaribu

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Akiba ya kompyuta huoza, tena bila harufu.

Seva, yaani kompyuta inayohudumia watumiaji wengi, huongozwa na faili za mipangilio: anwani ya hifadhidata, maneno ya siri, matoleo ya programu. Zikipotea, mashine yaweza kuwa nzima na kazi isifanyike. Kwa hiyo hunakiliwa. Lakini kunakili ni nusu tu ya kazi.

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya takriban gigabaiti 300 za hifadhidata. Ilipotafutwa nakala ya kila siku, haikuwapo. Programu ya kunakili ilikuwa ikiendeshwa katika seva isiyokuwa na faili ya kuitajia toleo sahihi. Ikatumia toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa ya 9.6, ikashindwa. Barua pepe za kuarifu kasoro hiyo nazo zilikataliwa, zisifike. Iliyookoa ni nakala iliyochukuliwa kwa kazi nyingine, saa sita hivi kabla ya ajali. Yaliyoingizwa baada yake yalipotea.

Ni rahisi kumlaumu mhandisi. Lakini kidole huteleza kila siku. Kosa kubwa zaidi ni kwamba hapakuwa na mtu aliyekabidhiwa wajibu wa kujaribu kurejesha nakala.

Hapana budi, basi, kila mwenye seva, hata shule itunzayo alama za wanafunzi, ateue mtu na siku ya kurejesha nakala katika mashine nyingine na kuilinganisha na asili. Jaribio hilo likishindwa, hasara ni ya saa chache; likishindwa siku ya ajali, hasara yaweza kuwa ya miaka.