Antioksidanti si dawa ya kila kitu, jamani!

Wadau, leo nina hasira. Shangazi yangu kule Keza, Ngara, anatibiwa saratani kwa mionzi. Juzi kauza madebe mawili ya maharage anunue vidonge vya antioksidanti, eti "vinalinda seli zote". Zote? Hata za saratani?

Iko hivi. Madini ya chuma ndani ya seli yanaweza kuchachisha mafuta ya utando wake, kama samli iliyoachwa juani. Utando ukipasuka, seli inakufa. Mwaka 2012 Scott Dixon na Brent Stockwell wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walikiita kifo hicho feroptosisi. Vitamini E hukizuia. Kwa seli ya figo, ni heri. Ila mionzi nayo huua seli za saratani kwa njia hiyo pia, kwa hiyo ukizikinga umemkinga adui!

Huko Finland, matokeo ya 1994 yalionyesha wavuta sigara waliopewa beta-karotini wakipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao, kwa asilimia 18.

Shangazi, shikamoo. Kabla hujameza, muulize daktari anayekutibu. Nawe muuzaji, rudisha hela ya maharage!

Nawasilisha.