MASHINE INAVUJA, DADA WA KAZI ANAKATWA MSHAHARA! MABOSI WA MJINI ACHENI HIZO

Mpanda imechangamka bwana! Wadada wa mjini kuanzia Makanyagio mpaka Kawajense siku hizi hawataki beseni, wanataka mashine ya kufulia. Ikishushwa tu kwenye bajaji, picha ipo stetasi kabla hata haijaunganishwa maji. Hapo hakuna ubaya, hela zao.

Ubaya unaanza siku inapovuja. Sebule imejaa maji, bosi anatafuta mchawi, na mchawi anapatikana fasta: dada wa kazi. "Umeiua mashine yangu!" Anafokewa mbele ya wageni, mwisho wa mwezi mshahara unakatwa. Binti wa watu hajawahi kuelekezwa hata kitufe kimoja, leo analipishwa mashine!

Tusidanganyane. Mashine nyingi zinazovuja hazijafa. Mara nyingi ni paipu ya nyuma imelegea au kimpira chake cha ndani kimechoka. Au mpira wa mlango umejaa nywele na uchafu. Au kifuniko cha chujio kule chini hakijakazwa. Au imemwagwa sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono, tena kikombe kizima, povu likatafuta pa kutokea. Na hiyo sabuni kanunua nani? Si bosi mwenyewe!

Kuikagua wala haihitaji chuo. Chomoa plagi kwanza, funga bomba, kausha sakafu. Futa mpira wa mlango, kaza paipu, fungua chujio taratibu ukiwa na beseni dogo, safisha, rudisha ikaze. Halafu iwashe bila nguo. Maji yakitoka wakati inajaza, shida ipo paipu ya kuingizia. Yakitoka wakati inamwaga, angalia paipu ya kutolea na chujio. Yakitoka tumboni kwenye mashine, zima, chomoa, ita fundi.

Kuna mabosi wengine ndiyo balaa kabisa. Mashine inazunguka, waya umelala kwenye maji, dada anaambiwa apige deki, yupo peku! Umeme hauna utani. Nguo zitanunuliwa nyingine, mtoto wa watu je?

Halafu hayo makato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kukata kiholela. Anayedai hasara lazima iwe kweli ni kosa la mfanyakazi, aandike deni limetokana na nini na ni kiasi gani, ampe nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya ujira. Siyo mtu anaamka na hasira zake, mshahara wote umeyeyuka.

Kama mtu ana muda wa kuiposti mashine, hawezi kukosa dakika 10 za kumfundisha dada namna ya kuitumia. Akishindwa hilo, arudi kwenye beseni, afue mwenyewe!

Wadau mnasemaje, dada alipe au bosi ajitathmini? Dondosheni maoni hapo chini.